Seva ya Bosi wa Litein

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Litein, na nilimdharau tangu wiki ya kwanza. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi kuu ya kampuni ya majani chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Yeye alikuwa mkuu wa idara ya kompyuta na mimi nilikuwa fundi wake. Alivaa koti la vifungo vya dhahabu hata jua likiwaka, na jambo lolote asiloelewa alilijibu kwa kutikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona ugonjwa ambao wewe hujauona.

Alienda semina katika hoteli moja Nairobi, akarudi na neno jipya: dairektori. Alisema kampuni zote za maana zinaweka majina ya wafanyakazi mahali pamoja, ndani ya seva, yaani kompyuta moja kubwa ambayo nyingine zote zinaiuliza. Kiwanda au ofisi ya shamba ikitaka kujua mtu fulani ni nani, anafanya kazi wapi na anaruhusiwa kufungua nini, jibu litatoka hapo. Wazo halikuwa baya. Ubaya ni kwamba lilimfikia yeye.

Seva ililetwa, ikawekwa kwenye stoo ya zamani ya karatasi, tukaingiza majina ya wafanyakazi wote. Kuanzia siku hiyo ikawa kama ng'ombe aliyelala barabarani. Karani wa kiwandani akiandika namba ya mfanyakazi aliweza kwenda kunywa chai, akarudi, na jina bado halijatokea.

Bosi aliamuru makarani wapokezane, kiwanda hiki asubuhi, kile baada ya chai. Haikusaidia. Akasema ni vumbi, tukapangusa. Mwishowe akamwita mtaalamu, rafiki yake wa semina. Mtaalamu aliiambia seva itumie karibu memori yake yote kuhifadhi majina, ili isiyatafute kwenye diski kila mara. Hilo lina akili likifanywa kwa kiasi. Yeye hakuiachia mashine memori ya kufanyia kazi zake nyingine, ikawa inashinda ikihamisha vitu kwenda kwenye diski na kuvirudisha, kama mtu aliyejaza magunia ya mahindi nyumbani hadi akalazimika kupika nje kwenye mvua. Ilizidi kuwa nzito. Mtaalamu alikula chakula cha mchana klabu, akasema mashine itazoea, akaenda zake.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwenye kabati la bosi, bado kimefungwa kwa plastiki. Alikiweka pale kama pambo. Nilikiomba, nikakisoma, na jawabu lilikuwemo wazi. Makarani wetu walitafuta watu kwa namba ya kazi, lakini hakuna aliyeiambia seva itengeneze indeksi ya namba hizo, kama ile orodha ya nyuma ya kitabu inayokuonyesha ukurasa. Kwa hiyo kila ilipoulizwa, ilisoma majina yote kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Nilimweleza bosi.

"Kijana, hii si mashine ya kuchezea," aliniambia. "Mtu ametoka Nairobi kuja kuitengeneza."

Ijumaa moja alienda harambee huko Siongiroi, mgeni wa heshima na koti lake. Nikapunguza memori ya majina ifike kiasi cha haki, nikatengeneza indeksi ya namba, nikaizima seva na kuiwasha tena. Karani wa kiwanda cha Mogogosiek alipiga simu kuuliza kama ameharibu kitu, kwa sababu majina yalikuwa yanatokea kabla hajaondoa kidole.

Jumatatu meneja mkuu alimpongeza bosi mbele ya wakuu wa idara. Mimi nilikuwa nyuma ya chumba, nikishughulikia mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Bosi alisimama akasema amekaa na seva ile usiku na mchana mpaka ikatii. Walimpigia makofi. Nilimwacha aendelee, na si kwa unyenyekevu. Nilitaka kuona atafika wapi.

Siku chache baadaye aliniita, akauliza habari ya "hiyo indeksi" kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Nilimweleza, na nikamwonya kwamba kila indeksi ina gharama yake: ukiongeza mtu mpya, seva lazima iandike upya indeksi zote. Alitikisa kichwa polepole. Kisha, nilipokuwa kiwandani, akakaa mwenyewe na kuweka indeksi kwa kila kitu: jina, kijiji, kanisa, tarehe ya kuajiriwa, hadi saizi ya gambuti anazovaa shambani.

Hatukuona athari mpaka msimu wa majani mengi, vibarua wa kuchuma walipokuja kuandikishwa uani kwetu. Kila jina jipya lilikwama. Foleni ikapinda kona ya nyumba na kufika getini. Wengi walikuwa akina mama, wengine wametembea kutoka upande wa Bomet na watoto mgongoni. Alasiri mvua ikaja kama kawaida ya Kericho, na nyuma yake mvua ya mawe. Walijifunika nailoni wakabaki palepale, maana kutoka kwenye foleni ni kupoteza nafasi. Mama mmoja, rika la mama yangu, aliniuliza kwa Kikipsigis kama majina yao yamekataliwa. Nilimwambia hapana, mama, ni mashine. Aliniangalia kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo.

Meneja mkuu alitoka na mwavuli kuona kuna nini. Bosi akanijia mbio, mabega yamelowa.

"Fanya kama ile siku," alisema.

"Ile siku si ni wewe ulikaa nayo, bosi?"

Meneja alituangalia, mmoja baada ya mwingine. Mawe yaligonga mabati kiasi kwamba mtu angeweza kujifanya hakusikia, lakini bosi alikuwa amesikia. Alimgeukia meneja.

"Ni yeye aliyeitengeneza," alisema.

Niliingia ndani. Nilifanya kwa ajili ya wale mama, si kwa ajili yake. Yeye ningemwacha akalowa hadi kesho. Nikafuta indeksi zote ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzihitaji, nikabakiza ya namba na ya jina. Foleni ilianza kusonga mawe yakiwa bado meupe kwenye nyasi. Yule mama aliandikishwa, akachukua kikapu, akapita bila kuniangalia, na alikuwa na haki.

Bosi hakuadhibiwa. Kabla mwaka haujaisha alipandishwa cheo, akahamishiwa Nairobi, na kampuni ikamfanyia karamu ya kumuaga. Katika hotuba yake alinitaja kuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi kwa mikono yake. Watu waligeuka kunitazama, wakitarajia nisimame nishukuru. Sikusimama. Nilimaliza kuku wangu, kwa kuwa karamu ilikuwa ya kampuni na si yake, nikanawa mikono, nikarudi kazini.