Pale Palipofagiwa Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa sekta hakunipa bunduki wala panga. Alinipa tawi lenye majani. Shirika letu la kulinda ardhi lilikuwa na msitu juu ya Rumonge, na kuuzunguka tulilima njia ya moto, yaani ukanda wa udongo mtupu, ili moto wa kiangazi ukifika pale ukose cha kula. "Udongo iko karatasi," aliniambia. "Magaribi unafagia, asubui unasoma." Hivyo ndivyo tulivyojua wezi wa mbao walipita wapi, nami nikajiona msomi.

Kisha vita vikaja, nikaanza kuogopa kusoma.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa upande wa Gatete, chini ya mlinzi mkuu, Mzee Ramazani, aliyependa kunitania kwamba nakimbia hata kivuli changu. Hakukosea. Asubuhi moja, nikiwa peke yangu, nilikuta nyayo za mabuti zimekata ukanda, nyingi, zikiingia msituni. Nikitoa habari, wenye mabuti watanifuata nyumbani. Nikinyamaza, wanaowasaka watasema nimewaficha. Woga haushauriani na mtu: nilishika tawi nikazifuta.

Umande sikuufikiria. Ukanda wote ulikuwa umelowa, mweusi. Nilipofagia mimi palibaki pakavu na peupe, upana wa mlango.

Mzee Ramazani alipofika alipaona kabla sijamsalimu. Alinitoa tawi mkononi, akaanza kufagia na pembeni yake, haraka haraka, ili weupe uenee. Alikuwa hajafika mbali wasakaji walipotokea, watu wenye bunduki ambao mpaka leo sijui walikuwa wa nani. Kiongozi wao aliuliza kwa upole ni nani aliyefuta nyayo.

"Ni miye, komanda," Mzee alisema. "Huyu iko mugeni, kazi hajaijua."

Nilikuwa na miaka sita katika kazi ile. Niliinamisha kichwa kama mgeni kweli. Walipanda naye msituni, naye hakugeuka kunitazama. Hakurudi. Shefu aliponiuliza, nilisema nilichelewa kufika.

Baadaye nilipelekwa Nyanza-Lac, nikabaki huko mpaka pensheni. Vijana niliwafundisha kupanda miti, kuweka mipaka na kulima njia ya moto. Kufagia niliwaeleza kwa mdomo tu, tawi sikulishika tena. Walidhani ni ukubwa.

Sasa nimempita Mzee Ramazani kwa umri. Mke wangu hufagia uwanja kila asubuhi, na akimaliza tu mimi hutoka pekupeku, nikatembea kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Hulalamika kwamba namharibia kazi, na ana haki. Sijawahi kumwambia sababu. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii. Mtu akija kuuliza ni nani aliyepita hapa, nataka akute nyayo zangu, mwingine asije akajibu badala yangu.