Miti Iliyopandwa na Jirani

Kwetu Kabambare, upande wa kuelekea Wamaza, mwanamke anaruhusiwa kupanda karanga, mpunga, mahindi na chochote kinachovunwa kikaisha. Mti haruhusiwi. Anayepanda mti amedai ardhi, na ardhi ni ya ukoo wa mume. Nililijua hilo tangu nilipoolewa na halikunisumbua, mpaka mume wangu alipofariki na kaka yake mkubwa akaanza kupita shambani kwangu akipima kwa hatua.

Shamba liko kando ya mto. Siku hizi mvua hazina adabu: zinachelewa hadi tunakata tamaa, kisha zinashuka zote kwa mkupuo, na mto unamega ukingo pamoja na mazao yetu. Sisi wanawake tunaolima huko tuliona dawa ni mianzi na misafu, ile miti ya matunda ya rangi ya zambarau tunayoyalainisha kwa maji ya moto, kwa sababu mizizi yake inashika udongo. Wenzangu, waume zao wangenuna tu. Mimi ningefukuzwa na watoto wangu watatu. Niliwaambia hivyo kwa hasira, maana walinihimiza kana kwamba ni jambo dogo.

Aliyenijibu ni jirani yangu wa shamba, mama muuza mawese mwenye mdomo mkali.

“Karanga tunalima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu,” akasema. “Na miti tupande vile vile. Hakuna mutu atapanda mu shamba yake.”

Tulipanda kwa asubuhi mbili. Mimi nilipanda kwake, yeye akapanda kwangu, na wengine hivyo hivyo hadi mwisho wa ukingo. Ujanja? Ndiyo, ujanja, na sioni haya.

Mianzi ilipofika magotini, shemeji akaiona.

“Nani alipanda hii miti mu shamba ya ndugu yangu?”

“Haiko miye, shemeji.”

Alinipeleka kwa chifu wa kijiji siku hiyo hiyo. Nilitembea nyuma yake nikiwaza nitawalaza wapi watoto.

Wenzangu walisikia, wakaacha majembe, wakatufuata hadi kwenye baraza ya chifu wakiwa na udongo mikononi. Chifu akauliza ni nani kati yetu amepanda mti katika shamba analolima mwenyewe. Muuza mawese akasema miti iliyo kwangu aliipanda yeye, na iliyo kwake niliipanda mimi. Chifu alifunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yakicheza. Kisha akamgeukia shemeji.

“Ukimufukuza huyu, mwenye kupanda atakuja kufwata miti yake na udongo yenye iko chini yake, na yeye iko muke wa ukoo ingine. Huyu akibaki, shamba iko ya ndugu yako na watoto yake. Chagua.”

Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Tulitaka tu kukwepa lawama, kumbe tumemfunga shemeji mikono.

“Abaki,” shemeji akasema.

“Na miti?” chifu akauliza.

“Ibaki nayo.”

Nililia pale pale mbele ya wote, na kifua kikawa chepesi. Muuza mawese alinishika mkono njia nzima, akinitania kwamba nikiacha miti yake ikauke, atanifukuza yeye.

Tangu mazishi nilikuwa nimepanda karanga tu, miezi mitatu nimeshavuna. Mtu anayengoja kufukuzwa hapandi kitu cha kukaa udongoni mwaka mzima. Kesho yake asubuhi niliomba mbegu za muhogo, nikabeba mafungu mawili kichwani, nikapanda shamba zima, kuanzia njiani hadi kwenye mianzi.