Siku Mbili Chini ya Jabali

Kama hujawahi kuishi juu ya jabali, upande ule wa Muleba ambako migomba inakoma ghafla na chini yake ni ziwa, utaona ajabu watu wazima kudanganya kijiji kizima ili wakalale ufukweni siku mbili. Usiwacheke. Mwaka ule wa themanini na tisa, hata kucheka kulihitaji ruhusa.

Aliyelibeba jambo lile ni Gamaliel, fundi baiskeli. Alikuwa mfupi, mikono imejaa grisi, ulimi mkali; spoku alizigombeza kana kwamba zina masikio. Miaka kumi nyuma yeye na wenzake watano wa kijijini waliingia mgambo, wakavuka Mto Kagera na jeshi, wakaenda vitani hadi huko ndani ya Uganda, na wote sita wakarudi. Wote! Mama zao waliimba hadi sauti zikakauka. Walirudi na turubai moja la jeshi, na hakuna aliyethubutu kuuliza walilipataje, pamoja na kitoto cha mbwa walichokiokota Masaka wakakipa cheo cha Sajini. Tangu hapo kila kiangazi, kahawa ikishaanikwa, walishuka jabali, wakafunga turubai lao ufukweni, wakalala siku mbili bila mke, bila mwenyekiti wa kijiji, bila padri. Walikula samaki, walitaniana utani wa kutukanana, wakapanda Jumapili wakiwa watu wapya.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda, wakidhani ni mzaha. Baadaye hakuna aliyetaka kuuita jina lolote. Wale waliokoswa na risasi ukaanza kuwapitia mmoja mmoja, na ukampitia na Bernadina, mke wa Gamaliel, ambaye hajawahi kuiona vita wala kumkosea mtu. Katika wale sita wakabaki Gamaliel, Datius ambaye kinywa chake hakikosi utani, na Mujuni. Naye Mujuni alikuwa amebaki mifupa na macho.

Mujuni hakuomba dawa, maana alishajua hakuna. Aliomba ziwa.

"Gama," alisema siku moja, amelala juu ya mkeka kibarazani, "nishushe ufukweni mara moja tu. Nile sato wa kuchoma, nilale chini ya turubai letu. Baada ya hapo mengine yaje yenyewe."

Ombi dogo, utasema. Basi ngoja nikueleze kwa nini walikuwa wameshindwa kwenda miaka ile yote. Kule mtu akifa, jembe linalala chini. Wanaume hulala msibani juu ya majani, wanawake hupika, na hakuna anayefanya starehe hadi matanga yaanuliwe. Atakayeonekana anajiburudisha wakati kijiji kimeinamisha vichwa anatengwa: haombwi, hapewi, na siku yake ikifika nduguze watamchimbia kaburi peke yao. Asiyezika hazikwi. Sheria nzuri hiyo, ya watu wenye utu, lakini ilitungwa wakati kifo kilikuwa mgeni wa nadra. Mwaka ule matanga ya huyu yalikuwa hayajaanuliwa, yowe la yule limeshapigwa. Watu walikuwa wakitoka kaburini kwenda kaburini, mibuni imejaa magugu, na Mujuni anazidi kuisha.

Aliyekata shauri ni Anatolia, mke wa Mujuni. Ijumaa ile asubuhi matanga yalikuwa kwa jirani wa upande wa juu. Gamaliel alikuwa amekuja kumwambia mgonjwa kwamba haiwezekani tena, wasubiri. Anatolia akamvuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Wasubiri nini, shemeji? Kuna wiki itakayopita bila msiba? Semeni mnampeleka hospitali Rubya. Nani atamzuia mgonjwa kwenda Rubya?"

"Ee, Anatolia! Na watoto?"

"Nao nitawaambia hivyohivyo. Mtoto hana kifua cha kuficha siri." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akamkabidhi kifurushi cha ndizi zilizopikwa, zimefungwa kwenye jani, na mkono wake ulipomgusa Gamaliel ulikuwa wa moto kuliko zile ndizi.

"Shemeji, una homa wewe."

"Nani asiye na homa mwezi huu? Nendeni, waitu, jamani, kabla jua halijapanda. Anataka kucheka huyu mtu. Mimi nimeshindwa kumchekesha."

Gamaliel aliusikia ule moto kiganjani hadi barabarani. Lakini moyo wake siku ile ulikuwa na nafasi ya mgonjwa mmoja tu, na aliyeijaza ni Mujuni.

Uongo ulikwenda vizuri, Mungu atusamehe. Mujuni alikalishwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa kanga asianguke, Gamaliel akaisukuma akielekea njia ya Rubya, na kila waliyekutana naye aliinama akasema pole, Mungu atasaidia. Kilichosumbua ni Sajini. Nani umemwona anakwenda hospitali na mbwa? Ikabidi Datius amfunge kamba ampitishe migombani, yeye na turubai, akitangulia kushuka kwa njia ya mbuzi.

"Sajini," alimwambia, "leo tunapita nyuma ya adui. Ukibweka nakuvua cheo."

Mbele kidogo, pasipo na nyumba, Gamaliel akaiacha njia ya Rubya akateremka kwenye njia ya mzunguko hadi ziwani.

Sasa sikiliza. Nisingependa useme kwamba siku zile mbili hazikuwa na kitu. Mujuni, ambaye nyumbani uji vijiko vitatu ulikuwa unamrudi, alikula sato. Alikula mgongo, akala mashavu, akanyonya na kichwa. Datius akamwambia, "We bwana, tumekuja kukuaga au umekuja kutufilisi?" na Mujuni akacheka hadi wakamshika mabega asidondoke. Waliwakumbuka wenzao waliokufa, mmoja mmoja, kwa vituko vyao, jinsi yule wa kwanza alivyokuwa akikoroma hadi kamanda akadhani ni gari. Sajini, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye mvi puani, alijilaza juu ya miguu ya Mujuni, ile miguu iliyokuwa baridi hata jua la saa sita, akakataa kuondoka.

"Mnajua," Mujuni alisema Jumamosi asubuhi, anatazama maji, "mimi siogopi. Ukoo wakitaka kuwagawa watoto wangu, huyu kwa shangazi, huyu kwa mjomba, kama sahani za msiba, Anatolia hatakubali. Yule mwanamke ana mgongo. Mimi nikienda, nyumba haifi."

"Haifi," Gamaliel akaitikia, na aliamini alichosema.

Mchana wake Datius alikwenda kwa wavuvi wa kambi ya ng'ambo ya mwamba kuomba chumvi. Mujuni alikuwa amelala chini ya turubai, amefumba macho. Gamaliel alikuwa anaparua samaki. Ndipo lilipokuja yowe.

Lilitoka juu ya jabali, jembamba, likakatika, likaja tena, safari hii sauti nyingi. Mtu wa kule halikosei yowe la msiba. Sajini aliinua kichwa akaanza kulia kwa ile sauti ndefu ambayo wazee hawapendi kuisikia. Gamaliel akamrushia kijiti.

"Nyamaza, mwanaharamu we!"

Akasimama na kisu mkononi, anasikiliza. Ni kwetu, alijua. Si kijiji cha pili, ni kwetu. Sasa ni nani? Hapo ndipo alipokosea, na si yeye peke yake, sote siku zile tungekosea vilevile. Siku hizo ukisikia yowe hukuuliza nani kafa. Uliwapitia moyoni waliolala kitandani, ukamchagua aliyelala muda mrefu zaidi. Gamaliel aliwapitia. Mujuni yuko hapa. Huyu ana nafuu. Yule amepelekwa Kanazi kwa dada zake. Amebaki Ma Kezia, bibi kizee ambaye tangu Pasaka hajainuka. Ndiye! Maskini Ma Kezia. Wala haikumpitia akilini kumfikiria mtu aliyemwacha amesimama nyuma ya jiko anafunga ndizi.

Ilimpasa kuamsha watu, kukunja turubai, kupanda. Alimtazama Mujuni, uso umetulia, mafuta ya samaki bado mdomoni. Wakipanda leo, hatashuka tena. Ma Kezia amekula chumvi nyingi, atanisamehe, alijiambia. Nitamlilia kesho. Akachutama akaendelea kuparua. Datius aliporudi na chumvi, Gamaliel hakumwambia kitu.

Jumapili alasiri walianza kupanda. Mpango ulikuwa uleule, Datius apite njia ya mbuzi na mbwa. Lakini Sajini alikata kamba akaifuata baiskeli ya bwana wake, na hakuna tishio la kuvuliwa cheo lililomrudisha, basi Datius naye akakimbia nyuma yake huku turubai limembana begani. Hivyo ndivyo walivyoingia kijijini: wote watatu, mbwa, turubai, na samaki wa kuwapelekea watoto wakining'inia kwenye usukani.

Njiani walipishana na wanaume wenye majembe yenye udongo mbichi. Gamaliel akasalimu. Hakuna aliyeitikia. Mmoja alitazama samaki, akatema mate pembeni, akapita.

Na kwenye kona ya migomba, akija taratibu kwa fimbo yake, amejifunga kanga kiunoni kama wafanyavyo wanaotoka kuzika, alikuwa Ma Kezia.

Yule ambaye Gamaliel alikuwa amemzika moyoni tangu jana amesimama mbele yake, anahema, anamtazama Mujuni kwa macho yaliyovimba.

"Mujuni, mwana wangu," bibi alisema. "Mmetoka Rubya?"

Bibi akamtazama mbwa. Akawatazama samaki.

"Mdogo wako Damian amekesha njiani kwa ajili yako. Amekwenda Rubya, amezunguka wodi zote, anaita jina lako. Akauliza hadi chumba cha maiti. Tumekungoja. Leo baba yako mdogo akasema mwili hauwezi kungoja zaidi." Akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Mimi nisiyeinuka nimeinuka, nikaenda kumzika mtoto, mke wako. Alianguka jikoni jana, na ile homa yake. Hakuomba hata maji."

Mujuni alijifungua ile kanga mwenyewe, akateremka kwenye baiskeli, na akatembea. Mtu aliyekuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa alitembea hadi kwake, nao nyuma yake, wakiogopa kumgusa.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Cha Anatolia kilianzwa na wa mbali, kikamalizwa na wa mbali, na mfiwa alipofika alikikuta kimekwisha. Watu waliobaki uani walisogea pembeni. Rutashobya, baba mdogo wa Mujuni, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na udongo mpya, kati ya migomba. Aliinuka, akachukua kigoda chake.

"Sina la kukuambia," alisema. "Watoto tutawazungumzia matanga yakiisha. Watatu hawawezi kukaa mahali pamoja, hilo ulijue." Kisha akamgeukia Gamaliel na Datius. "Na ninyi, msiba wenu ukija, msitume mtu kwangu."

Wakaondoka, wote, hata wale waliozoea kubaki. Datius aliweka turubai chini akakaa juu yake. Gamaliel alikaa kwenye majani karibu na Mujuni. Alitaka kulia, lakini aliona kwamba hana haki ya kulia kabla ya mwenzake, na mwenzake alikuwa hajalia.

"Gama," Mujuni akasema, anatazama udongo. "Jana mchana, ulisikia?"

Gamaliel alifikiria kukataa. Alichoka.

"Nilisikia. Nikajua ni Ma Kezia."

"Hata mimi nilisikia," Mujuni akasema. "Sikuwa nimelala. Nikafumba macho usije ukanirudisha. Nikasema, yeyote yule, na aningoje nimalize siku yangu."

Mtoto mkubwa wa Mujuni, Adventina, alitoka ndani, kichwa kimenyolewa siku ileile. Alikuja akasimama mbele ya baba yake. Hakuwaona samaki, au aliwaona hakujali.

"Tata, Rubya wamekupa dawa?"

Mujuni alimtazama Gamaliel kama mtu anayeomba ashikwe mkono.

"Wamesema arudi siku nyingine," Gamaliel akasema.

Msichana akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima. Alikaa chini kati yao, akaokota bonge la udongo lililoviringika kutoka kaburini, akalirudisha juu.

"Mbona hamkwenda na mama?" akauliza. "Naye alikuwa anaumwa."