Harusi ya Mzee Shabani na Ukuta wa Diski

Nakumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka kuku wananishangaa. Mjukuu wangu Elia, ambaye mimi namwita mume wangu, ana kibanda cha kompyuta pale Kinyangiri. Alipiga video ya harusi ya binti wa Mzee Shabani, akaihamishia kwenye kompyuta, kamera akaifuta. Ikabaki hiyo moja tu duniani. Na jioni hiyo Mzee Shabani alikuwa anakuja na ukoo wake kuichukua.

Elia akashindwa kuimalizia, kompyuta inalalamika nafasi imeisha. "Bibi," anasema, na yeye huongea kama ana ugali wa moto mdomoni, "diski ina vyumba viwili. C imejaa, D ina nafasi kibao. Nasogeza ukuta tu, dakika mbili, freshi!"

"Na harusi imelala chumba gani, mume wangu?"

"D."

"Unasogeza ukuta na mwenyewe kalala humo?"

"Ndiyo, bibi. Nikipunguza D, nafasi inabaki kule mwisho, mbali na C. Lazima D yote isukumwe."

Hapo nikamsikia mama mkwe wangu kichwani. Nilipokuwa bi harusi tulikaa nyumba ya tembe. Babu yenu, kitanda kimembana, akataka kusogeza ukuta wa udongo uingie chumba cha mtama. Mama yake akasimama mlangoni, mikono kiunoni, sauti kama kanga aliyekanyagwa: "Wewe! Mtama umehama? Toa mtama kwanza! Ukuta haujui chakula!" Akamtolesha nje vilindo vyote, yale mapipa ya magome tuliyowekea mtama, jasho linamtiririka, mimi nacheka ndani ya khanga. Ukuta ukaanguka vibaya, palepale vilindo vilipokuwa. Tukala ugali wetu kwa raha.

Basi nikamwambia Elia, "Toa mtama kwanza." Akacheka, akachomeka flashi. Kompyuta ikakataa: faili kubwa mno.

"Kwani imejaa?"

"Ina nyimbo chache tu, bibi. Ila imepangwa kwa FAT32. Faili moja likifika gigabaiti nne, haipokei, hata kama nafasi ipo."

Nikaelewa, usinicheke. Kibuyu kina tumbo kubwa, lakini boga zima halipiti shingoni! Kupanga flashi upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo nyimbo zake akazihamishia kwenye simu, ndipo akaipanga kwa exFAT, inayopokea mafaili makubwa. Akanakili harusi. Nikamlazimisha aifungue niione. Nikaiona. Akaanza kusogeza ukuta.

Ukuta uko njiani, umeme pu! Kijiji kizima kikaguna. Uliporudi, D ikagoma kufunguka. Mume wangu akawa kama kifaranga kilichonyeshewa.

Mzee Shabani akaingia. Yeye hukohoa kwanza, kama trekta inayowashwa: "Khe, khe, khe... Shikamoo mama. Elia, harusi yangu iko wapi?"

"Marahaba. Iko hapa," nikasema, nikainua flashi. "Haijapambwa maua wala muziki, ila nzima."

Tukabanana kuitazama. Mzee alipojiona analia wakati wa kumkabidhi binti, akaruka: "Hapo kata!" Mkewe akadakia: "Ukikata, Elia, utanijua!" Tulicheka mpaka benchi likaegemea upande.

Mwanangu, nawe sasa umeshika kamera; haraka haraka haina baraka, hilo unalijua. Basi jua na hili: kabla hujagusa mpaka wa diski, nakili kilichomo nje kabisa, si chumba cha pili cha diski ileile, maana nyumba ikianguka haichagui chumba. Uliza kwanza chombo unachohamishia kinapokea faili kubwa kiasi gani. Kisha fungua nakala uione kwa macho yako, usiambiwe tu. Na umeme wetu unaujua mwenyewe.

Mungu akutulize mikono, akulindie ulichohifadhi. Akupe harusi nyingi za kupiga, na yako usiicheleweshe, magoti yangu bado yanacheza.