Diski Nilizozichonga Mara Tatu

Hakuna aliyenifundisha ufundi wa magari. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi, na gari bovu la mjomba lililokuwa limelala nyuma ya nyumba miaka mingi. Nilipopata nafasi kwenye uwanja wa mafundi pale Igogo, wenzangu waliojifunza kwa kukaa miguuni pa wakubwa wao waliniita fundi wa kitabuni. Hawakuwa wakinisifu. Kwa hiyo niliogopa dosari kuliko nilivyoogopa njaa. Nati nilizifuta moja moja kabla ya kuzifunga, hata zile ambazo hakuna mtu angeziona tena.

Miaka ile magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kumiminika mjini, na watu ambao hawakuwahi kuota kumiliki gari walikuwa nalo. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, aliyeleta gari lake dogo jeupe asubuhi moja likipiga kelele kila alipokanyaga breki. Pedi za mbele zilikuwa zimelika zote. Chuma kilikuwa kinasaga chuma, na diski zote mbili, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi, zilikuwa na mifereji ya kuingia ukucha.

"Kesho asubuhi navuka ziwa na mama yangu, namrudisha nyumbani Sengerema," aliniambia. "Ametoka kutibiwa mguu. Litakuwa tayari?"

Nikamwambia litakuwa tayari jioni ile ile.

Pedi mpya nilizipata dukani. Diski za gari lile hazikuwepo; mwenye duka alisema nijaribu tena baada ya siku mbili. Basi nikazifungua zile zile na kuzipeleka Nyakato, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchongea vyuma, azisawazishe. Kipimo changu cha unene nilikiacha Igogo. Nilikuwa nimekizungushia flaneli ndani ya kopo la maziwa, na niliogopa kisije kikagongwa njiani. Nilikitunza kipimo kiasi kwamba nilikwenda kwenye kazi ya kupima bila kipimo.

Mzee alichonga mara moja, akasimamisha mashine. Diski ilikuwa safi, ila mistari miwili mitatu, myembamba kama uzi.

"Imetosha," alisema. "Hiyo mistari pedi itaimaliza yenyewe."

"Nakuheshimu, mzee, lakini ongeza kidogo."

Akaongeza. Ukabaki mstari mmoja. Nikamwomba aongeze tena.

"Kijana, unatengeneza breki au kioo cha kunyolea ndevu?"

Wateja wake wawili walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale mpaka diski zote mbili zikawa hazina hata alama, zinang'aa, na nikazibeba kurudi Igogo kama mtu aliyebeba mayai.

Kabla ya kuzifunga nikazipima, kwa mazoea tu. Kisha nikasugua kutu ukingoni, mahali ambapo kitabu kilisema kiwanda huandika unene ambao diski haitakiwi kushuka chini yake. Namba ilikuwepo. Diski zangu zilikuwa zimeshapita chini yake. Nilipima mara sita, nikabadilisha mahali, nikafuta kipimo, nikapima tena. Najua kitabu kilisema nini: diski nyembamba hupata moto upesi, hupinda, na ikizidiwa hupasuka.

Nilizifunga. Hilo ndilo ninaloandika hapa, na sina namna nyingine ya kulisema. Sikutaka kumwambia kwamba kazi niliyojisifia nimeiharibu kwa kuipendezesha.

Nilijaribu gari uwanjani. Lilisimama vizuri, kimya kabisa. Mwalimu alipokuja jioni alikanyaga breki mara mbili akafurahi, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Haya fundi, panda twende."

Pale kwetu fundi aliyegusa breki hupanda na mwenye gari safari ya kwanza, mpaka chini ya mteremko na kurudi. Mteja akikuona umekaa pembeni yake, anajua umeiamini kazi yako kwa mwili wako mwenyewe. Nilimtazama mwalimu, nikautazama mlango uliokuwa wazi.

"Samahani mwalimu, kuna gari jingine linanisubiri."

Halikuwepo gari jingine. Aliufunga mlango taratibu, akaniaga, akaondoka.

Asubuhi nilikwenda kwa miguu, nusu nikikimbia, mpaka kwenye foleni ya magari ya kuvuka kwenda Kamanga, njia ya Sengerema. Gari jeupe lilikuwa la tatu. Mama yake alikuwa ameketi nyuma, mguu umenyooshwa juu ya kiti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nani huyo?" bibi aliuliza.

"Ni fundi, mama."

"Amesahau spana zake humu?"

Nikamwambia mwalimu kwamba diski nimezichonga kupita kiasi, zimekuwa nyembamba, na asiende nazo safari ndefu.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Kabla sijachukua gari, au baada?"

"Baada" lilikuwa neno jepesi, nililisikia likinijia mdomoni.

"Kabla," nikasema.

Hakupandisha sauti. Alizima injini, akaniwekea ufunguo kiganjani, akashuka kumfungulia mama yake. "Tunavuka kwa miguu, mama. Ng'ambo tutatafuta usafiri." Bibi aliuliza ni kwa miguu ipi, maana yeye ana mmoja na nusu. Nilibeba mzigo wao, na bibi akaniegemea begani. Tulishuka polepole hadi kivukoni, watu wakitupita. Kila alipoukanyaga ule mguu alishika shati langu kwa nguvu.

"Una moyo wewe, mjukuu wangu," aliniambia tulipofika. "Mungu akubariki." Binti yake alisikia. Alitazama maji.

Gari nililirudisha kwa mwendo wa baiskeli. Siku mbili baadaye nilipata diski zilizotumika, zenye mistari yake lakini nene, nikazifunga. Mwalimu alikuja kulichukua na mtu mwingine wa kumwendeshea na kuzijaribu breki; mimi hakuniambia nipande, akanishukuru kwa maneno machache.

Aliendelea kuniletea gari kubadilisha oili na plagi, na salamu yake haikupungua. Zaidi ya mwaka ulipita. Siku moja nikiwa chini ya gari lake niliona pedi mpya za mbele ambazo sikuzifunga mimi. Aliyezifunga alikuwa ameacha grisi imetapakaa kwenye bolti. Nilinyoosha mkono na kitambaa nifute, nikausimamisha hewani. Kisha nikarudi kwenye oili, kazi niliyoitiwa.