Vitenge Juu ya Mizani ya Watoto

Laurentine Kalaba amezalisha wanawake kwa miaka ishirini na miwili katika matenite, nyumba ya kuzalishia, ya mtaa uitwao Kenya, na hasira zake zinajulikana mpaka sokoni. Baba yake alitoka mji wa Kabalo na kazi ya reli, akamwachia binti sauti ya kushinda injini. Wanawake wanamwogopa, lakini uchungu ukiwashika wanamtaka yeye tu.

Mwaka jana walikuja watafiti. Walitaka kujua jinsi ya kuwahi damu inayowatoka wazazi baada ya kujifungua, ile inayoua upesi kuliko kitu kingine chochote. Matenite ziligawanywa kwa kura. Nyingine zilipewa mifuko ya plastiki yenye mistari, ya kutandika chini ya mzazi ili damu ipimwe. Matenite ya mtaa wa Kenya ikaangukia upande wa pili: endeleeni kama kawaida, kisieni kwa macho, jazeni fomu, tutalinganisha. Laurentine hakunung'unika. Kulinganisha ni haki ya utafiti, alisema.

Balaa lilikuwa sifa. Kila Ijumaa Dokta Précieux, kijana msafi wa utafiti huo, alichukua fomu huku akitabasamu: matenite yenu inaongoza, kwenu karibu hakuna anayevuja damu! Miezi mitano mizima Laurentine alizipokea sifa hizo. Na alizifurahia, tusimfichie.

Jumatatu moja asubuhi Syntiche, mshona nguo, akajifungua mtoto wa tatu. Laurentine akampiga sindano ya kukaza kizazi, akachungulia chombo kilichokuwa chini yake, akaona damu kidogo, akaandika: mililita mia mbili hamsini. Mama mkwe wa Syntiche, Mama Germaine, aliingia na kutoka akibadilisha vitenge kimyakimya, kama wafanyavyo wakwe wote pale. Mara midomo ya Syntiche ikawa myeupe.

"Mama, niko nasikia baridi," alisema.

Laurentine akaushika mshipa wa mkono: unakimbia. Ndipo akamwona Mama Germaine mlangoni na beseni la vitenge kichwani, anaelekea bombani kuvifua.

"Mama Germaine! Rudisha ile beseni!"

"Hapana, mama. Damu ya muzazi haionekanake mbele ya bantu. Ni haya."

"Haya gani? Bibi ya mutoto wako iko nakufa!"

Huku mkono mmoja ukisugua kizazi cha Syntiche, Laurentine alimwamuru mama yule avimwage vitenge vyote juu ya mizani ya watoto. Vinne. Kilo mbili na robo. Kisha vinne vikavu kutoka kwenye furushi: kilo moja kasoro. Zaidi ya lita moja ya damu ilikuwa inakwenda kufuliwa, na fomu inasema mia mbili hamsini! Chupa mbili za serumu zikafunguliwa mshipani, dawa ikaongezwa, gari likaitwa, na Syntiche akafika hospitali kubwa akiwa hai. Alhamisi alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha.

Ijumaa Dokta Précieux akaisoma fomu ya Syntiche, iliyoandikwa uzito wa vitenge, akakunja uso.

"Mama Laurentine, hii ya mizani haiko mu protocole, mu masharti ya utafiti. Macho yako ilikuwa imeona ngapi? Andika ile. Hii itaharibu comparaison."

Kuharibu! Laurentine alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Miezi mitano wamesifiwa kwa damu iliyokuwa ikitoka kwa mlango wa nyuma, na kijana huyu anahofia kulinganisha!

"Nipe fomu ya Exaucée," alisema.

Exaucée alifia kwenye chumba kilekile mwezi wa tatu wa utafiti, saa mbili baada ya kujifungua, akiwa na miaka ishirini na miwili. Dokta alitafuta kwenye mafaili, akaipata. Damu: mia mbili hamsini. Sababu ya kifo: moyo.

"Moyo!" Laurentine alipiga kelele. "Mutoto wa kucheza ndombolo, moyo gani? Mama yake alifula bilamba yote, bitenge na damu yake, mbele ya mutoto mudogo kunawishwa!"

"Fomu imeshatiwa saini, mama. Habagusake."

"Saini ya nani?"

Kijana akaitazama karatasi, kisha akatazama sakafu.

"Yako."

Laurentine alijua. Alikuwa akijua tangu Jumatatu. Alichukua kalamu, akakata ile mia mbili hamsini kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: HAIJULIKANI. VITENGE VILIFULIWA KABLA SIJAPIMA. Akatia tarehe na saini yake upya.

"Peleka vile," alisema. "Bakiuliza ni nani alikosa kuhesabu, waambie ni mimi."

Kisha akavua aproni, akauliza kama kuna anayejua nyumba ya mama yake Exaucée, maana huyo mama bado anaamini kwamba ni moyo.