Ripoti Iliyotaja Magunia ya Shangazi

Kwetu Ufipa mtu mwenye akili hasemi amevuna magunia mangapi. Ukimuuliza atakujibu, "Ya kula yapo," na hapo umeshajibiwa. Akitaja idadi, kabla jua halijazama atakuwa na wageni: mjomba mwenye harusi, jirani mwenye msiba, na mnunuzi mwenye mizani yake. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nililivunja kwa kompyuta.

Ilikuwa miaka ile biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, malori ya wanunuzi yakawa yanapishana barabara ya Laela. Wakulima wa kijiji cha Pito na majirani zao walikodi ghala mjini, mtaa wa Majengo, wahifadhi pamoja na kuuza pamoja bei ikipanda. Mimi nilikuwa karani wao, na kwa kuwa nilisoma kompyuta miezi mitatu Mbeya, nilijiona profesa. Shangazi yangu wa Pito ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimbembeleza wiki mbili: "Shangazi, hakuna atakayejua una kiasi gani." Mwisho akaleta magunia thelathini na moja, ayauze bei ikiwa nzuri, aezeke nyumba kwa bati.

Wanunuzi walitaka kujua kila sehemu ina mahindi kiasi gani. Nikatengeneza ripoti, nikaiunganisha na orodha kuu ya ghala, ile yenye majina, kwa neno langu la siri linalofungua kila kitu. Ndilo nililokuwa nalo. Majina nikayaficha, kwenye kioo cha kompyuta zikabaki jumla tu. Ilipendeza! Nikainakili kwenye disketi, nikampa mfanyabiashara mmoja wa Majengo, wa familia ya maduka na malori, mtu wa adabu sana.

Siku ya tatu shangazi akaingia ofisini, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ya nini? Mtu amekuja kwangu, amenisalimia vizuri, halafu ananiambia, 'Mama, yale magunia yako thelathini na moja niuzie mimi.' Mbele ya shemeji zangu!"

Kiswahili kilimwishia hapo, akaendelea kwa Kifipa, na Kifipa cha shangazi akiwa na hasira sikiandiki. Alipotulia akasema kesho analeta mkokoteni kuchukua mahindi yake, na Pito nzima itamfuata. Hakuwa anatania. Wakiondoka wao ghala limekufa, kila mtu atauza peke yake kwa bei ya mnunuzi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nilimfuata yule mfanyabiashara dukani kwake. Wala hakuwa ameiba. "Dada, nilibofya mara mbili tu hapa kwenye jumla ya Pito," akanionyesha, na majina yakamwagika kioo kizima. Ripoti ilikuwa imebeba orodha yote ndani yake. Mimi nilifunika debe kwa kanga nikadhani nimelifunga. Akanirudishia disketi huku akicheka, na sikuwa na haki ya kununa.

Mchana kutwa nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nilitengeneza orodha ya pili yenye jumla tu, nikaiunganisha ripoti na hiyo peke yake, kwa neno la siri jingine lisiloweza kufungua kitu kingine.

Asubuhi shangazi akaja na mkokoteni kweli. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha kipanya. Akabofya. Akabofya tena, kwa nguvu ya mtu anayepasua kuni. Jumla ya Pito ikabaki jumla ya Pito. Mimi nikatabasamu, yeye hakutabasamu.

"Na wewe ukikaa hapa, yangu unayaona?"

"Nayaona, shangazi. Ni kazi yangu."

"Basi mlango mmoja bado uko wazi."

Kule Mbeya hakuna aliyewahi kunifundisha hilo. Siku hiyohiyo nilimwomba mwenyekiti wa wakulima abadilishe neno la siri la majina, walishike yeye na mtunza ghala. Mimi nikabaki na jumla. Nilijisikia nimenyang'anywa cheo, na papo hapo nimetuliwa mzigo.

Mkokoteni ulirudi Pito mtupu. Wiki iliyofuata ukaja tena, umejaa. Kumbe yale thelathini na moja hayakuwa yote! Shangazi akanishika mabega, akanigeuza nitazame ukuta mpaka mtunza ghala amalize kuandika. Nikasikia magunia yakishushwa nyuma yangu, moja baada ya jingine, na nilifurahi mno hata sikuyahesabu.